Bateri haijafa: kagueni kwanza pale metali zinagusana



Koperative nyingi za Maniema ziko leo na pano za jua. Zinatoa mwangaza ndani ya depo, zinachaji simu, zinatunza chanjo za kuku ndani ya friji, zinalisha mizani ya umeme siku ya kununua mpunga. Lakini tukifika kwenye ziara, iwe Kibombo, Kailo ao Pangi, tunasikia mara nyingi neno lile lile: "Bateri imekufa." Kamati inakaa, mchango unaitishwa, magunia yenye yalikuwa yanangojea bei nzuri yanauzwa haraka, bateri mpya inanunuliwa. Baada ya muda hiyo nayo "inakufa".

Kabla ya kutoa pesa ya bateri, tunaomba mfanye kazi moja isiyomaliza saa mbili: kagueni viungo vyote, ni kusema kila mahali waya unagusa bateri, regilatere, pano ao waya mwingine. Bateri nyingi zinalaumiwa juu ya makosa ya kiungo. Na zingine zinakufa kweli, lakini zimeuawa na kiungo kibovu chenye kiliwanyima chakula mwaka mzima. Hapa tunaeleza metali gani inafaa wapi, zipi hazipendani, na namna ya kufunga kiungo chenye kitadumu katika unyevu wa kwetu.

Kwa nini kiungo kidogo kinakula umeme mwingi

Waya mzuri wa shaba ni barabara pana. Kiungo ni kama mtumbwi wa kuvuka mto kutoka Kindu kwenda Alunguli. Barabara inaweza kuwa nzuri ng'ambo zote mbili, lakini kama mtumbwi ni mmoja na mdogo, watu wanapanga mstari kwenye ukingo.

Metali mbili zikiwekwa pamoja, kwa macho tunaona zinagusana kote. Kwa kweli zinagusana kwenye nukta chache tu, kwa sababu uso wa metali uko na milima na mabonde madogo sana. Zaidi ya hapo, hewa na unyevu vinatengeneza ngozi juu ya metali: chuma kinapata kutu nyekundu, shaba inakuwa nyeusi kisha kijani, alumini inapata ngozi nyembamba yenye hatuioni kwa macho. Ngozi hizo hazipitishi umeme vizuri, na ile ya alumini haiupitishi kabisa.

Tufanye hesabu. Friji na taa za depo zinavuta ampea 10. Kiungo kimoja kibovu kiko na ukinzani wa ohm 0,1 tu. Volti inayopotea hapo ni 10 × 0,1, ni kusema volti 1. Kwenye umeme wa mji wa volti 220, hakuna mtu angeona upungufu wa volti 1. Lakini kwenye bateri ya volti 12, umepoteza sehemu moja kati ya kumi na mbili. Na hiyo volti haipotei bure: volti 1 mara ampea 10 ni wati 10 za joto, na joto hilo lote linakaa mahali padogo kama ukucha. Plastiki inalainika, waya unabadilika rangi. Ndani ya depo yenye magunia makavu ao paa la nyasi, huo ni mwanzo wa moto.

Hasara ya pili haionekani haraka. Wakati wa kuchaji, regilatere inataka kupandisha bateri ya risasi mpaka karibu volti 14,4. Kama kiungo kinakula nusu volti, regilatere inaona 14,4 kumbe bateri inapata 13,9. Inapunguza umeme mapema ikifikiri bateri iko karibu kushiba, na jua linatua kabla bateri haijajaa. Bateri ya risasi yenye inalala na njaa kila usiku inatengeneza sulfate ngumu juu ya plake zake, na nguvu yake inashuka kidogo kidogo. Hapo ndipo watu wanasema imekufa.

Tabia ya kila metali

Tukisema shaba inapitisha umeme kwa kipimo cha 100, zingine zinasimama hivi: fedha karibu 106, dhahabu karibu 70, alumini karibu 60, letoni (ile shaba ya njano) chini ya 30, bati karibu 15, risasi karibu 8, na inoksi karibu 2 ao 3 tu. Lakini kupitisha umeme siyo jambo pekee la kuangalia. Tunauliza pia: metali hiyo inavaa ngozi gani ikikutana na hewa na maji?

Shaba ndiyo metali ya waya. Inapitisha vizuri, inakunjwa bila kukatika. Udhaifu wake: ikiwa tupu mahali pa unyevu ao karibu na asidi ya bateri, inaota ungaunga wa kijani-buluu.

Bati ndilo vazi zuri la shaba. Ni metali laini. Ngozi yake ni nyembamba na inapasuka kirahisi mnapokaza vise, kwa hiyo metali safi inagusa metali safi. Kwa sababu bati linapakwa jembamba sana, jembamba kuliko unywele, halizuii umeme hata kama lenyewe linapitisha kidogo. Kose nzuri ya waya ni shaba iliyopakwa bati: inang'aa kama fedha nje, nyekundu ukiikata.

Letoni inafaa kwa domino, yaani vile vipande vya kuunganishia nyaya kwa vise. Ni ngumu kuliko shaba, vise inashika vizuri ndani yake.

Nikeli ni vazi gumu, linapatikana kwenye soketi za kuchajia simu na kwenye spiringi za tochi na mizani. Inakingia chuma kutu, lakini inahitaji kubanwa vizuri.

Fedha iko ndani ya swichi na relei, mahali umeme unakatwa na kuwashwa mara nyingi. Ikiwa nyeusi kidogo msiogope, bado inapitisha.

Dhahabu haivai ngozi yoyote. Ndiyo sababu iko kwenye kadi ya SIM na ndani ya simu, mahali umeme ni mdogo sana na hakuna nguvu ya kupasua ngozi. Inapakwa nyembamba mno. Ukiikwangua na kisu, umeiondoa. Tumieni kitambaa kikavu tu.

Zinki na inoksi ni za vise na bulo, za kushika na kukaza. Umeme usipitie ndani yao.

Mabati ya nyumba si bati

Hapa neno linatuchanganya. Mabati ya kuezekea, yenye wengi wetu tunaita manjanja, ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe ni metali nyingine, na inatoka kwetu: kasiterite inayochimbwa Kalima, Punia na Kailo ndiyo jiwe la bati. Kasiterite ya Maniema imeuzwa nje tangu wakati wa ukoloni, na kazi mojawapo ya bati duniani ni kupaka na kulehemu viungo vya umeme. Na shaba inachimbwa Haut-Katanga na Lualaba. Basi kose nzuri ni shaba na bati, metali mbili za inchi yetu, hata kama inarudi kwetu ikiwa imetengenezwa mbali.

Tofauti hii iko na faida kazini. Mtu akikata kipande cha manjanja ili kutengeneza kose, amechukua chuma na zinki, siyo bati. Mahali alipokata, chuma kiko tupu na kitapata kutu mvua za kwanza.

Ndoa mbaya za metali

Metali mbili tofauti zikigusana na maji yakipita katikati, zinakuwa zenyewe bateri ndogo. Moja inakula nyingine. Mpangilio wa nani anakula nani ni huu, kuanzia anayeliwa kwanza: zinki, alumini, chuma, risasi na bati, letoni, shaba, inoksi, fedha, dhahabu. Kadiri metali mbili ziko mbali katika mstari huu, ndivyo ndoa yao ni mbaya. Inoksi iko mbali na alumini, lakini bulo ndogo ya inoksi kwenye fremu kubwa ya alumini inavumilika. Shaba kwa alumini, ao shaba kwa zinki, haivumiliki. Hapa Maniema mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo maji ya katikati hayakosekani.

Ndoa tatu mbaya tunazikuta mara nyingi:

Waya wa shaba kusokotwa na waya wa alumini. Alumini inaliwa, ngozi yake inazuia umeme. Na kuna jambo lingine: alumini ikipata joto inapanuka kuliko shaba, na chini ya vise inatiririka polepole kama udongo laini. Kiungo chenye kilikazwa vizuri leo, baada ya miezi kinalegea peke yake. Kama mko na waya wa alumini na hamna njia nyingine, tumieni kose maalumu yenye upande mmoja ni alumini na mwingine shaba. Msisokote kamwe.

Waya wa shaba tupu kulala juu ya paa la manjanja. Maji ya mvua yakipita juu ya shaba yanabeba shaba kidogo, yanaanguka juu ya zinki, na paa linatoboka kwenye mstari huo. Pitisheni waya wenye ngozi yake, ndani ya bomba la plastiki.

Waya wa shaba tupu kufungwa moja kwa moja kwenye fremu ya alumini ya pano. Tumieni kose iliyopakwa bati na bulo ya inoksi.

Kanuni ni fupi: shaba kwa shaba ni sawa. Kama metali ni tofauti, wekeni bati katikati na zuieni maji.

Sokoni: namna ya kujua mnanunua nini

Soko liko na waya wa rangi nyekundu wenye ndani yake ni alumini, umepakwa shaba nje tu. Bei yake inavutia. Kabla ya kulipa, fanyeni majaribio manne:

1. Kwangua uzi mmoja wa waya kwa kisu. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona nyeupe, ni alumini.

2. Pima uzito mkononi. Alumini ni nyepesi sana: kwa ukubwa uleule, shaba iko na uzito zaidi ya mara tatu.

3. Shika uzi mmoja mwembamba kwenye ulimi wa moto wa kiberiti cha gesi. Alumini inayeyuka kwenye digrii 660 na uzi unakatika ao kujikunja upesi. Shaba inangoja mpaka digrii 1085, kwa hiyo uzi unawaka mwekundu lakini unabaki.

4. Chukueni sumaku ya spika ya radio ya zamani. Ikivuta waya, kose ao kipande cha ndani cha domino, hicho ni chuma kilichopakwa rangi. Kirudishe kwa mwenyewe. Vise ndogo ya domino ikivutwa, hiyo si kitu, vise inaweza kuwa chuma.

Muuzaji akikataa mukwangue hata uzi mmoja, amewajibu.

Kufunga kiungo cha bateri, hatua kwa hatua

Kabla ya kuanza: vueni pete na saa ya chuma. Fungeni skochi ya umeme kwenye mkono wa ufunguo, kusudi usiguse vichwa viwili vya bateri kwa mara moja. Msivute sigara, kwa sababu bateri inatoa gesi yenye inalipuka. Tenganisheni kwanza pano kutoka regilatere, ndipo bateri. Kwenye bateri, anzeni na upande wa −.

1. Kama kuna ungaunga mweupe ao kijani-buluu, ni alama ya asidi. Osheni na maji yenye bikarboneti. Kama haipatikani, maji ya majivu yaliyochujwa yanafaa pia, kwa sababu majivu yanaua asidi. Funikeni vizuri vifuniko vya bateri; maji hayo yakiingia ndani, yanaharibu asidi yenye inafanya kazi. Mvae miwani ao mgeuze uso pembeni, kisha mnawe mikono.

2. Kausheni. Kichwa cha risasi na shaba tupu kisugueni kwa papye ya msasa mpaka king'ae. Lakini kose yenye bati msiisugue mpaka shaba ionekane: pangusa tu kwa kitambaa. Ukiondoa bati, umeondoa kinga.

3. Kateni ngozi ya waya sawasawa na urefu wa kose, bila kukata nyuzi za ndani. Ingizeni nyuzi zote. Kandamizeni kwa koleo la kose. Nyundo inaponda upande mmoja na kuacha nafasi upande mwingine, na ndani ya nafasi hiyo unyevu unaingia. Vuteni kwa nguvu: waya usitoke.

4. Kose iguse kichwa cha bateri moja kwa moja. Rondele inakaa juu, chini ya kichwa cha bulo, kamwe katikati. Hili ni kosa la kawaida sana: mtu anaweka rondele ya inoksi ao chuma katikati, na umeme wote unalazimishwa kupita metali yenye inapitisha vibaya. Wekeni pia rondele ya spiringi ili bulo isilegee, zaidi sana kwenye bateri ya mashine ya kukoboa mpunga, kwa sababu inatetemeka siku nzima.

5. Kazeni vizuri, lakini msivunje: risasi ni laini.

6. Kisha kukaza, pakeni vazelini nyembamba juu ya kiungo chote. Inazuia hewa na mvuke wa asidi.

Tunasisitiza: vazelini, siyo mafuta ya mawese. Tunajua mawese yako kila nyumba, na mwanzoni kiungo kinaonekana kizuri. Lakini mawese yakikaa yanachacha, asidi yake inaiuma shaba na kuigeuza kijani, na chungu wanakuja kula.

Kupima kama kazi imefaulu

Washeni taa na friji zote. Kama mko na kipimo cha volti, wekeni ncha moja juu ya kichwa cha bateri chenyewe, na nyingine juu ya kose yake. Kiungo kizuri kinaonyesha karibu sifuri. Kikionyesha zaidi ya volti 0,1, fungueni na musafishe tena. Fanyeni hivyo kwa kila kiungo upande wa volti 12.

Kama hamna kipimo, ngojeni dakika 15, kisha guseni ngozi ya waya karibu na kiungo kwa nyuma ya mkono. Kiungo chenye joto ni kiungo kigonjwa. Fanyeni hii upande wa volti 12 tu. Nyaya zinazotoka kwenye konvertisere ziko na volti 220 na zinaua. Hizo ni kazi ya fundi.

Maswali yenye tunapata mara nyingi

"Tunaweza kusokota nyaya mbili na kufunga skochi?" Kwa usiku mmoja wa haraka, ndiyo. Kwa kudumu, hapana. Skochi inalegea na joto, unyevu unaingia, na hakuna kitu kinachobana shaba. Domino ya letoni ndani ya kisanduku kikavu ni bora zaidi.

"Fundi anapaka sudire kwenye ncha ya waya kabla ya kuufunga chini ya vise. Ni vizuri?" Hapana. Sudire ni laini, inatiririka polepole chini ya vise na kiungo kinalegea. Chini ya vise wekeni waya mtupu safi ao kose iliyokandamizwa.

"Kose hazipatikani kwetu." Bomba la shaba la friji ya zamani, likikatwa, likiingizwa waya, likipondwa bapa na kutobolewa, linatengeneza kose ya kusaidia. Fundi akilipaka sudire ya bati nje, litadumu zaidi. Afanye kazi hiyo nje penye hewa, kwa sababu sudire nyingi ziko na risasi, na moshi wake ni sumu, zaidi kwa watoto.

"Viungo vya plastiki nyeusi vya pano, vile vya MC4, tunaweza kuchanganya vya wauzaji tofauti?" Vinaweza kuingiana, lakini metali na vipimo vya ndani havilingani kila mara, na kiungo kinapata moto. Tumieni jozi ya mtengenezaji mmoja. Na kamwe msivifungue wakati umeme unapita.

"Spiringi za mizani zimeota ungaunga." Kama pile zilikuwa za alkalini, pangusa na kitambaa chenye tone la ndimu ao vinega, kisha kausha. Ni kinyume cha bateri ya risasi, kwa sababu hapa uchafu si asidi. Msimu wa kununua ukiisha, toeni pile ndani ya mizani. Mizani yenye pile inacheza inaleta ugomvi kati ya mkulima na kamati, na uaminifu ukipotea hauna duka la kuununua.

Ya kufanya katika koperative

Chagueni watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, wawe walinzi wa umeme. Kila mwezi waangalie viungo vyote kwa macho na mkono. Mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa kiangazi na kabla ya mvua kubwa kurudi, wafungue, wasafishe, wakaze, wapake vazelini, na waandike tarehe katika daftari. Ndani ya sanduku la koperative wekeni kose chache za akiba, domino za letoni, papye ya msasa, bikarboneti, vazelini na sumaku.

Na kamati ikisikia tena "bateri imekufa", swali la kwanza liwe: viungo vimekaguliwa lini? Kama daftari haina jibu, pesa ya bateri isitoke bado. Safisheni, kazeni, acheni bateri ipate siku tatu za jua nzuri, kisha mpime. Kama bado haishiki, hapo mnunue bateri mpya, na mtaifunga kwenye viungo vizuri tangu siku ya kwanza.